Ghorofa ya Kumi Iko Chini

Nchi ninayoisimulia hapa siyo ya kwenu. Iko mbali sana, na ukiona mahali inafanana na unakoishi wewe, tafadhali kapime macho. Ni nchi ya amani, mvua zake zinatosha, na ina sheria moja nzuri ambayo watoto hufundishwa kabla hawajajua kuhesabu: kitu chochote kilichozinduliwa na Mkuu wa Nchi kwa mkono wake mwenyewe hakiharibiki.

Sheria hiyo imewaletea wananchi faraja kubwa. Daraja la kaskazini lilianguka mwaka mmoja baada ya kukatwa utepe, lakini kwa kuwa haliharibiki, wote wanaovuka mto kwa mitumbwi huhesabiwa kuwa wamepita darajani. Kisima cha kusini kilikauka, na watu wa huko, ambao ni waungwana, husema maji yake ni mepesi mno, ndiyo maana hayaonekani. Hakuna anayelalamika. Aliyelalamika mara ya mwisho naye alizinduliwa, na tangu siku hiyo ni mzima kabisa, ila haonekani.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna Jengo la Mshikamano, ghorofa kumi, fleti ishirini, kila fleti na mwenyewe, na kila mwenyewe na maoni yake. Meneja wa jengo aliitwa Hamduni Pazi. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, kifua kipana, na ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, pahala ambapo ukisimama ghafla unagonga kichwa. Hamduni alikuwa amekwisha kugonga kichwa mara nyingi hadi alijifunza kusimama kwa adabu, na wageni walidhani ni unyenyekevu.

Aliipenda kazi yake, na hilo lisitiliwe shaka. Alikuwa na filimbi shingoni na shada la funguo kiunoni lililomtangulia kwa mlio kila alikokwenda. Ramadhani ikiingia, sahani za futari zilishuka kutoka kila ghorofa, na ilimbidi ale kidogo kidogo kila sahani ili asivunje mtu moyo. Watoto waliozaliwa mle walijifunza kusema "meneja" kabla ya "baba". Mtu akifiwa, aliyegongewa mlango kwanza ni Hamduni. Akioa, anayetafutiwa viti ni Hamduni.

Na kero zilikuwepo. Mama wa 3A alianika nguo zikamchuruzikia bwana wa 2A aliyekuwa akinywa chai barazani. Wa 4B alikaanga papa mkavu siku ambayo wa 4A alitembelewa na wakwe. Wa 6B alimfunga mbuzi wa Idi kwenye baraza, na mbuzi akala maua ya plastiki ya jirani, akafa kabla ya siku yake, na kesi ikawa nani alipe, mwenye maua au mwenye mbuzi. Mikutano ya wakazi iliitishwa saa kumi, ikaanza saa kumi na mbili, ikavunjika saa kumi na mbili na robo. Yote hayo Hamduni aliyamudu. Lililomshinda ni lifti.

* * *

Lifti ya Mshikamano ilizinduliwa na Mkuu wa Nchi mwenyewe. Alikata utepe, akaingia, akapanda hadi ghorofa ya kumi, akapunga mkono kutoka juu, akashuka. Kipande cha utepe kilibandikwa ndani, juu ya vitufe, na mtu yeyote aliyebonyeza kitufe alitakiwa kwanza kuinamisha kichwa kidogo.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, lifti ikafa. Haikufa yote. Taa yake iliwaka, feni ilizunguka, milango ilifunguka na kujifunga kwa heshima ileile. Ila kupanda haikupanda tena, hata unywele.

Hamduni alimwita fundi. Fundi akafungua kisanduku, akachungulia, akafunga upesi kama aliyemfumania mtu akioga.

"Meneja, hii lifti imezinduliwa na nani?"

"Na Mkuu."

"Basi ni nzima," alisema fundi, akikusanya bisibisi zake. "Sisi hatuna ruhusa ya kutengeneza kitu kizima. Nimekuja kuisalimia tu." Akaipigapiga ukutani kwa upole, akaiambia, "Hujambo," akaenda zake.

Kila asubuhi saa mbili Hamduni alijaza Fomu ya Uzima, ambayo ilipelekwa Idara ya Kupanda na Kushuka. Kwenye kipengele cha lifti palikuwa na visanduku viwili tu: (a) inafanya kazi, (b) inafanya kazi vizuri sana. Jumatano ile alikaa na kalamu mkononi hadi chai ikapoa. Mwisho akaweka alama kwenye (a). Kwa wiki tisa zilizofuata hakuwahi hata mara moja kuigusa (b), na alijihesabu kuwa mtu mwenye msimamo.

Wakazi nao walizoea. Walipanda ngazi wakiwa wamebeba magazeti, wakijifanya wanasoma huku wakinyoosha miguu. Bwana Chande wa 5A alijisahau, akapandisha jokofu mgongoni kwa ngazi mchana kweupe. Alikamatwa kwa kosa la kueneza uvumi kwa vitendo, maana mtu anayebeba mzigo kwa ngazi katika jengo lenye lifti nzima anasema kitu hata kama amefunga mdomo. Alikaa ndani wiki tatu. Jokofu lilikaa nne, kwa sababu lilikataa kutoa maelezo.

* * *

Katika fleti 10B alikaa Bi. Arafa, mkunga mstaafu, mjane, magoti yote mawili mabovu. Nusu ya vijana wa mtaa ule alikuwa amewapokea kwa mikono yake, na alikuwa na desturi ya kuwakumbusha walivyokuja duniani, nani kwa kichwa, nani kwa miguu, nani aliyekataa kulia hadi akapigwa kofi. Yeye ndiye aliyesimama mkutanoni miaka kumi na moja iliyopita akasema, "Mpeni Hamduni kazi. Huyu alizaliwa mikononi mwangu na hakunisumbua." Wakampa.

"Shikamoo, Bi. Arafa," Hamduni alikuwa akimwambia kila asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Kila Ijumaa baada ya sala Bi. Arafa alishuka kwenda kwa mdogo wake, Bi. Sihaba, kumpaka mafuta ya nazi kichwani na kumsuka. Aliifanya kazi hiyo tangu Sihaba akiwa binti wa miaka saba. Sasa Sihaba alikuwa na sabini na moja, nywele zimebaki chache, lakini hakuruhusu mkono mwingine uziguse. Walisukana, wakasengenya waliokufa na walio hai, wakaagana Ijumaa nyingine.

Lifti ilipokufa, Ijumaa zikasimama. Wiki ya tano, Bi. Sihaba akaugua, akalazwa wodini. Bi. Arafa akampigia Hamduni simu.

"Mwanangu, mdogo wangu amelazwa. Nishushe."

"Lifti, Bi. Arafa..."

"Najua lifti imekufa."

"Usiseme hivyo kwenye simu, mama!"

"Basi nibebe. Una mgongo, nimeuona siku ulipozaliwa."

Hamduni akakumbuka jokofu la Bwana Chande. "Ijumaa hii nitafanya mpango," alisema. Ijumaa ikaja, akajificha kwenye chumba cha pampu ya maji, akasikia simu ikilia mfukoni mpaka ikachoka. Ijumaa ya pili alikuwa na kikao. Ijumaa ya tatu alijitia ana homa, na kweli homa ikampata kwa aibu.

Bi. Arafa hakugombana. Alishusha kikapu kwa kamba kutoka barazani, ndani yake chupa ya mafuta ya nazi na kitana cha mti. Semeni, mama anayesafisha ngazi, alikipokea chini na kuvipeleka wodini jioni. Bi. Sihaba alipaka mafuta mwenyewe, akasema, "Mwambie dada namngoja. Sitasukwa na mtu mwingine." Semeni alirudisha maneno hayo, na Hamduni aliyasikia kwa kuwa alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

Usiku usingizi ulimpaa. Akawa anajiambia kuwa magoti ya Bi. Arafa siyo yeye aliyeyaharibu. Maneno hayo yalimtosha mpaka asubuhi saa mbili, fomu ilipoletwa.

* * *

Wiki ya tisa ikaja habari njema. Jengo la Mshikamano, kwa kuwa halijawahi kuripoti tatizo lolote la lifti, limechaguliwa kuwa Jengo Bora la Taifa. Waziri wa Majengo Marefu na Matarajio atafika mwenyewe, atapanda lifti hadi ghorofa ya kumi, na kumsalimia mkazi wa huko huko juu, hewani moja kwa moja kwenye Redio ya Taifa. Meneja atapewa nishani na ofisi yenye dirisha.

Siku moja kabla ya ziara alikuja Dakta Magongo, Mkurugenzi wa Kupanda na Kushuka, mtu mnene mwenye sauti laini. Aliingia ndani ya lifti, akabonyeza kumi, akasubiri. Milango ikajifunga. Baada ya dakika moja na nusu ikafunguka, na mbele yake palikuwa na Hamduni, ngazi, na ndoo ya Semeni.

"Inapanda vizuri," alisema Dakta Magongo.

Hamduni akaionyesha ndoo. "Mheshimiwa, hapa ni..."

"Hapa ni ghorofa ya kumi, Bwana Pazi. Nimetoka chini dakika moja na nusu iliyopita. Wewe una ushahidi gani mwingine?" Akatazama ukuta mtupu. "Ila hapajaandikwa. Mgeni anaweza kuchanganyikiwa. Weka kibao."

Kibao kiliandikwa kwa rangi ya bluu: GHOROFA YA KUMI. Hamduni alikipigilia mwenyewe, misumari minne, mkabala na milango ya lifti.

"Sasa," alisema Dakta Magongo, "nani anakaa ghorofa ya kumi?"

Hapa nataka msikilize vizuri, kwa sababu Hamduni mwenyewe hurudi hapa kila siku. Ghorofa ya kumi ilikuwa na fleti mbili. 10A ilikuwa ya bwana mmoja aliyekuwa ng'ambo mwaka wa nne, hana ndugu mjini, hana wa kumsikia redioni. Hamduni angeweza kulitaja jina la bwana huyo na pasiharibike kitu. Lakini alitaka mambo yapendeze. Aliona akilini dirisha la ofisi mpya, pazia lake, na pengine chungu cha maua.

"Bi. Arafa," alisema. "Mkunga mstaafu. Anaheshimika sana. Amezalisha nusu ya mji."

"Safi kabisa! Mkunga! Taifa linazaliwa upya!" Dakta Magongo aliandika. "Aje achangamke kidogo. Acheze."

"Ana magoti, mheshimiwa. Hawezi kushuka."

"Nani kasema ashuke? Yeye yuko juu, na hapa ni juu." Macho yake yalimwangukia Semeni, aliyekuwa ameinama na tambara. "Mama, unajua kucheza?"

* * *

Siku ya ziara ilikuwa Alhamisi, jua kali, bendera kila dirisha. Waziri aliwasili saa nne na msafara wa magari kumi na sita. Walioingia ndani ya lifti walikuwa Waziri, Dakta Magongo, mtangazaji wa redio, walinzi wawili na Hamduni. Wote wakainamisha vichwa kwa utepe. Milango ikajifunga.

Kwa dakika moja na nusu walisimama wakitazama kitufe cha kumi. Feni ilizunguka. Mlinzi mmoja alishika ukuta asianguke.

"Masikio yameziba kidogo," alisema Waziri, akimeza mate. "Ni huu urefu."

"Tunapita mawingu ya chini, mheshimiwa," alisema mtangazaji kwenye kipaza sauti.

Milango ikafunguka. Waziri alitoka, akasoma kibao, akatabasamu kama mtu aliyefika kileleni, kisha akaenda kwenye mlango wa barabarani uliokuwa wazi. Akaweka mkono juu ya macho. "Hakika tumetoka mbali! Tazameni, hata yule muuza karanga anaonekana mdogo kama sisimizi."

Muuza karanga alikuwa hatua tatu kutoka pale. "Karanga, mheshimiwa?" akauliza.

"Ana sauti ya ajabu," alisema Waziri kwa mshangao. "Inafika mpaka huku."

Ndipo Semeni akaletwa, amevishwa kanga mpya na miwani ya kuazima. Waziri alimshika mikono yote miwili. "Bi. Arafa, mkunga wetu, wazee kama nyinyi mlikuwa mkiteseka na ngazi. Leo mnapanda na kushuka mtakavyo. Waambie wananchi."

Semeni alimtazama Hamduni. Hamduni alitazama viatu vyake.

"Nashuka na kupanda nitakavyo," alisema Semeni. "Siku yoyote. Miguu hainiumi hata kidogo. Asante serikali." Bendi ikapiga. Semeni akacheza, mwanzoni kwa woga, baadaye kwa bidii kwa sababu walinzi walikuwa wakimtazama, na mtangazaji akawaambia wasikilizaji kwamba Bi. Arafa wa Mshikamano, kwa umri wake wote, anacheza hadi ghorofa ya kumi inatikisika. Waziri akamvisha Hamduni nishani. Pini yake ilipita shati ikamchoma ngozi, naye hakulia, alipiga makofi.

* * *

Ijumaa asubuhi kikapu kilishuka kama kawaida, mafuta na kitana ndani. Semeni alikipeleka. Aliporudi jioni alimkuta Hamduni ofisini chini ya ngazi, akamwekea chupa na kitana mezani. Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni, haijafunguliwa.

"Amekataa," alisema Semeni.

"Nani?"

"Bi. Sihaba. Wodini wana redio ukutani, haizimwi. Jana wamesikia yote." Semeni alikaa chini sakafuni. "Alikuwa kalala kaelekea ukuta. Nikamwambia, bibi, dada kakuletea mafuta. Hakugeuka. Akasema, 'Kumbe anashuka siku yoyote. Kumbe magoti hayamuumi. Wiki tisa namngoja na nywele zangu ziko hivi, naye anamchezea Waziri. Rudisha mafuta yake.'"

"Wewe ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje, meneja? Wodi imejaa watu. Nikisema aliyecheza ni mimi, nafungwa, na watoto wangu watatu nani atawalea? Nikasema moyoni, kesho nitamnong'oneza sikioni." Akafuta macho kwa tambara la kazi. "Na wewe ungesema?"

Hamduni alifahamu vizuri kuwa asingesema.

Hiyo kesho Semeni alifika wodini saa moja asubuhi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Bi. Sihaba alikuwa amekufa alfajiri, na muuguzi alisema hakugeuka kutoka ukutani.

* * *

Hamduni alipanda ghorofa kumi kwa miguu, na kila ngazi aliomba iwe ndefu zaidi. Mlango wa 10B ulikuwa wazi. Bi. Arafa alikuwa amekaa kitini amevaa buibui lake la kutokea, mkoba mapajani, kama alivyovaa tangu jana. Jana ilikuwa Ijumaa, na Hamduni alikuwa ameahidi Ijumaa.

"Shikamoo, Bi. Arafa."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Alipiga magoti palepale mlangoni. Alimwambia yote, na sitamsifu kwa hilo maana alichelewa. Alimwambia Sihaba amefariki. Alimwambia kuhusu kibao, redio, Semeni, chupa iliyorudi, na kitana akamrudishia mkononi. Alimwambia hata la 10A, jina ambalo angeweza kulitaja badala ya la Bi. Arafa. Kuhusu dirisha aliona aibu, lakini nalo akalisema.

Bi. Arafa alisikiliza bila kupepesa macho. Nje barazani kamba ya kikapu ilikuwa ikigongagonga chuma.

"Redio ilisema nilicheza?"

"Ndiyo, mama."

"Nilicheza ngoma gani?"

Hamduni alijiinamia akalia, na nishani ikagonga sakafu.

"Mwili haujatoka," alisema Bi. Arafa. "Nibebe."

Alimbeba. Alishuka naye mgongoni ngazi zote za Mshikamano, saa tano mchana, milango ikifunguka na kufungwa haraka kila ghorofa. Kwa Bwana Chande mlango ulifunguka ukabaki wazi, na Bwana Chande akasimama kizingitini. Walipofika chini Bi. Arafa aliinua macho, akakiona kile kibao cha bluu. Hakuna aliyethubutu kukibandua, kwa kuwa Waziri alikisoma kwa sauti hewani, na hilo lilihesabika kuwa uzinduzi.

Alikisoma taratibu, herufi kwa herufi.

"Kumbe bado sijashuka," alisema. Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia Hamduni Pazi.

* * *

Msibani walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvika sanda. Mwanakheri, binti wa marehemu, alikuwa amekaa jamvini katikati ya wanawake. Alimwona mama yake mkubwa akiteremshwa mlangoni, na hakuinuka.

"Karibu, mama mkubwa," alisema. "Pole na uchovu. Tumesikia ulicheza sana."

Wanawake waligeuza nyuso. Bi. Arafa alitoa kitana mkobani, akakishika kwa mikono miwili. Hamduni hakuwa na haki ya kukanyaga jamvi la wanawake, lakini alilikanyaga.

"Hakucheza!" alipiga kelele. "Lifti imekufa! Imekufa wiki tisa! Alikuwa amefungiwa juu, na mimi ndiye niliyemfungia, mimi ndiye niliyesaini kila siku! Bi. Sihaba alidanganywa na mimi!"

Katika nchi ile hakuna mtu aliyewahi kuitamka sentensi ile ya lifti hadharani, na waliohudhuria hawakujua wafanye nini nayo. Mzee mmoja alichukua viatu vyake akaondoka. Mwanamke mmoja alisema kwa upole, kama anayemtuliza mtoto, "Lakini baba, redio ilisema." Mwanakheri alimtazama Hamduni, akamtazama mama yake mkubwa, akaanza kulia kwa namna nyingine. Alisogea jamvini akampisha. Bi. Arafa alikwenda kwa mikono na magoti mpaka kwenye maiti. Aliomba wamfunulie kichwa. Wakamwambia hairuhusiki tena, sanda imekwisha kufungwa. Alikaa pale na kitana mkononi mpaka wanaume walipokuja kulichukua jeneza.

* * *

Hamduni alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake, amevaa shati safi, ameacha funguo kwa Semeni. Alisema anataka kushtakiwa kwa kueneza uvumi, kwa vitendo na kwa mdomo. Sajini wa zamu alipekua daftari kubwa.

"Ulimbeba mama kutoka ghorofa ya kumi mpaka chini?"

"Ndiyo, afande."

"Haiwezekani. Mama huyo Alhamisi alisema mwenyewe redioni kwamba anashuka kwa lifti. Na lifti ni nzima, nina fomu zako hapa, zote umesaini. Sasa unataka niamini saini yako au maneno yako?"

"Maneno yangu, afande. Nakuomba. Nifunge."

Sajini alimhurumia. Alimpa maji ya kunywa, akamwambia akapumzike, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Wiki iliyofuata Dakta Magongo alileta barua. Idara ilikuwa imechunguza na kuthibitisha kwamba Bwana Pazi hakumbeba mtu, hakwenda msibani, na hakusema alichosema. Mtumishi asiye na doa namna hiyo ni nadra. Akakabidhiwa ofisi yenye dirisha. Lilitazama moja kwa moja milango ya lifti na kibao cha bluu. Hamduni alijaribu kuweka pazia, akaambiwa dirisha nalo limezinduliwa.

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala hupanda hadi 10B, huchutama mlangoni na kugeuza mgongo. Bi. Arafa hupanda mgongoni. Humpeleka makaburini, humngoja akimaliza kumsomea mdogo wake na kumimina matone ya mafuta ya nazi kichwani pa kaburi, kisha humrudisha juu. Wakazi wengine nao, wenye mimba, wenye mizigo, aliyevunjika mguu, walianza kugonga dirisha lake. Hawabebi tena magazeti. Hamduni hakatai mtu. Mgongo unamuuma, magoti yameanza kulia, na hamwambii yeyote. Wala polisi hawamsumbui, kwa sababu hakuna wanachokiona.

Kila asubuhi saa mbili huletewa fomu. Kwenye kipengele cha lifti huweka alama kwenye (a), inafanya kazi, na chai yake haipoi tena, maana kwa mara ya kwanza anachosaini ni kweli. Bado hajawahi kuigusa (b).

Ila Ijumaa ndiyo siku ngumu. Akifika mlangoni pa 10B husema, "Shikamoo, Bi. Arafa," na kungoja. Amengoja mwaka mzima sasa. Bi. Arafa hafungi uso, hanuni, wala hamlaani. Hujikaza mgongoni mwake, huweka mkoba sawa, humgusa bega kwa kidole kimoja, mara moja kushuka, mara mbili kupanda. Marahaba haimtoki, maana lifti hakuna anayeiitikia shikamoo.